Hesabu ya Mtu Aliyelala

Habari ya njaa ya Turkana ikifika kwenye meza za chai za Nairobi na Eldoret, kuna kauli inayoipokea mlangoni: "Wale wamezoea." Husemwa bila uovu mwingi. Msemaji ameona picha za wachungaji warefu, wembamba, wakitembea jua la utosi na fimbo begani na kigoda cha ekicholong mkononi, akahitimisha kwamba Mungu aliwaumba watu hao kwa matumizi madogo. Nimeisikia pia vinywani mwa wasomi, na hapo ndipo inaponikera zaidi, kwa sababu wao huivalisha koti la sayansi. Mwili hujirekebisha, husema. Anayekula kidogo huchoma kidogo.

Koti hilo halikushonwa kwa uongo mtupu, na ndiyo maana linawakaa vizuri. Afadhali basi tuipime kauli yenyewe kwa hesabu. Hesabu ninayoitaka si ya kubeba kuni wala ya kufuata mbuzi hadi machweo. Naanza na mtu aliyelala chini ya mti kule Katilu, kando ya mto Turkwel, hafanyi kitu.

Huyo aliyelala, tumbo tupu tangu jana jioni, asiyesogeza hata kidole, mwili wake bado unakula. Moyo unasukuma damu, figo zinachuja, ini linapika na kupakua, ubongo hauzimi hata usingizini. Ni kama lori la Lodwar lililosimamishwa Kainuk kusubiri ulinzi wa polisi: magurudumu hayaendi lakini mafuta yanaenda. Tofauti ni kwamba dereva wa lori anaweza kuzima injini. Wataalamu hukipima kiasi hicho kwa kumlaza mtu asubuhi kabla hajanywa chai, wakamfunika kichwa kwa kofia ya plastiki na kuhesabu hewa ya oksijeni anayoitumia. Kila lita ya oksijeni inayotumika ni karibu kalori tano zilizoungua. Kwa watu wengi, matumizi haya ya kulala tu ndiyo sehemu kubwa kuliko zote ya kalori wanazochoma kwa siku, kuliko hata kazi na matembezi yao.

Zinakwenda wapi kalori hizo? Mwaka 1992 mtafiti Marinos Elia alizigawa kiungo kwa kiungo. Kilo moja ya moyo au ya figo huchoma kama kalori 440 kwa siku. Kilo ya ubongo, 240. Kilo ya ini, 200. Kilo ya msuli uliotulia huchoma 13 tu, na kilo ya mafuta ya mwilini haifiki hata tano. Moyo, figo, ubongo na ini kwa pamoja havifiki sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtu, lakini hula zaidi ya nusu ya nishati yote ya kulala.

Tukae kidogo hapo, kwa maana hapo ndipo kauli ya "wamezoea" inapoanza kuchanika. Mtu mwembamba hakupunguza sana ubongo wala moyo; alichokosa ni mafuta, na baadaye msuli, yaani vitu vilivyokuwa vikila kidogo tangu mwanzo. Viungo vyenye njaa kubwa anavyo vyote. Chukua mwanamke wa miaka 40 mwenye kilo 80, yule wa ofisini Nairobi ambaye simu yake inamkumbusha kutembea. Kwa kanuni za Oxford, nitakazozieleza, akilala siku nzima, usiku na mchana, huchoma kalori 1,473. Mlinganishe na mwanamke wa rika lake mwenye kilo 45, na wanawake wa uzito huo si haba Turkana Kusini. Yeye huchoma 1,132. Uzito wa wa kwanza unakaribia mara mbili ya wa pili, lakini gharama yake ya kulala imezidi kwa asilimia 30 tu. Ukihesabu kwa kilo, mwembamba ndiye mwenye matumizi makubwa: kalori 25 kwa kila kilo ya mwili wake, na mwenzake 18. Wembamba una bei, na anayeulipia ni mwembamba mwenyewe.

Sasa twende Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, walipowasili vijana wa Sudan waliokimbia vita kwa miguu. Kiwango kamili cha chakula cha msaada kwa mkimbizi, kama mashirika ya Umoja wa Mataifa yanavyokubaliana, ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ni wastani unaochanganya mtoto na mzee, mwanamume na mwanamke, pamoja na kazi nyepesi. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikatwa vipande: leo asilimia 80, kesho 60, na pesa za Bamba Chakula kwenye simu zikipungua hivyohivyo. Kisha ukaja mwaka 2025, Marekani ikafunga mkono wa misaada, na kufikia Juni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likawa linatoa asilimia 28 ya mgao kamili. Agosti ikaanza njia ya kuwagawa wakimbizi katika makundi kwa kadiri ya uhitaji wao.

Asilimia 28 ni tarakimu ya karani. Msomaji huipitisha macho kama anavyopitisha riba ya benki. Izidishe kwa 2,100 upate kalori 588, halafu uziweke mbele ya mwanamke wetu wa kilo 45. Ni nusu ya anachochoma akiwa amelala. Bado hajaenda bombani, hajapika, hajanyonyesha. Mwanamume wa rika hilo mwenye kilo 50, kwa kanuni hizohizo, huchoma kama 1,303 akilala. Kwake mgao huo haufiki nusu. Kisha chukua kanuni ya watoto ya Umoja wa Mataifa uitafute tarakimu hiyo inamfaa nani. Utamkuta mtoto wa kilo kumi, ambaye mwili wake uliolala huhitaji kama 555. Mgao wa mtu mzima ulikuwa umefika kwenye kipimo cha kumlaza mtoto anayeanza kutembea.

Najua jibu linalokuja. Hakuna anayeishi kwa mgao peke yake. Kweli, wapo wanaokopa dukani, wanaotumiwa pesa na ndugu walio ng'ambo, wanaofua nguo za watu na kuchimba vyoo kwa ujira. Lakini mkimbizi wa Kakuma hatoki kambini bila kibali, na kazi za kambini zenyewe huendeshwa na pesa za mgao. Mgao ukikauka mteja hana kitu, na mfuaji naye hana mteja. Tena shimo hilo haliishii kwa wageni. Wanawake wa Kiturkana wa vijiji vya jirani wamezoea kubeba kuni na makaa hadi kambini wakabadilishane na unga na mafuta ya kupikia. Mkimbizi aliyekatiwa unga hana cha kubadilisha. Kwa hiyo uamuzi uliofanywa kwa ajili ya kambi unaingia moja kwa moja kwenye sufuria ya mwenyeji ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote ya WFP.

Mwenyeji huyo naye ana mpango wake. Kwa miaka mingi serikali, kupitia mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, imekuwa ikizitumia nyumba maskini za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir pesa za mpango wa HSNP. Kiwango kilichojulikana sana ni shilingi 5,400 kila miezi miwili. Hiyo ni shilingi 90 kwa siku kwa nyumba nzima. Tuseme nyumba ina watu sita, na tuseme kwa ukarimu kwamba kilo ya unga wa mahindi inauzwa shilingi 100 na pesa zote zimeingia kwenye unga, hakuna chumvi, hakuna sabuni, hakuna kiberiti. Gramu 900 za unga zina kama kalori 3,200. Kwa vichwa sita ni 530 na kitu kwa kila mmoja. Mizani ya Nairobi na mizani ya mashirika ya kimataifa, zilizokaa katika ofisi tofauti na kutumia lugha tofauti, zimefika karibu mahali pamoja: nusu ya mtu aliyelala. Waliounda mpango wa HSNP watasema kwamba haukukusudiwa kulisha nyumba yote, ulikusudiwa kuishikilia isianguke. Sawa. Lakini kinachoshikiliwa kinapaswa kufika walau kwenye sakafu.

Niliahidi kuzieleza kanuni. Tarakimu hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1919 J. Arthur Harris na Francis Benedict walitoa kanuni yao ya kukadiria kalori za kulala huko Marekani baada ya kupima wanaume 136, wanawake 103 na watoto wachanga 94. Miili ya watu hao imegeuzwa kipimo cha dunia nzima. Programu nyingi za simu zinazokwambia unachoma kalori ngapi bado zinazaa jibu kutoka kwenye kanuni hiyo au ya mwaka 1990 ya Mifflin na wenzake, iliyotokana na Wamarekani 498. Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni zake mwaka 1985 kwa vipimo vya watu wapatao elfu saba, na karibu nusu yao walikuwa Waitalia, wengi vijana wa kiume wa jeshi, polisi na migodini. Watu wa nchi za joto walikuwa wachache humo kama chumvi kwenye chai. C. J. K. Henry na D. G. Rees wakaonyesha mwaka 1991 kwamba kanuni hizo huzidisha matumizi ya watu wa ukanda wa joto kwa kama asilimia nane. Mwaka 2005 Henry akatoa kanuni za Oxford kwa vipimo zaidi ya elfu kumi, Waitalia wale wameondolewa na watu wa nchi za joto wameongezwa. Mwanamume wetu wa kilo 50, kwa kanuni ya 1985, anachoma 1,459. Kwa ya Oxford, 1,303. Tofauti ni kalori 156, konzi ya unga.

Naweza kumsikia mtu wa bajeti akifurahi hapo. Kumbe Mwafrika wa jua kali anahitaji pungufu! Ndiyo, pungufu kidogo, na nimempa punguzo hilo lote katika hesabu zangu za watu wazima hapo juu. Anipunguzie asilimia nane; yeye alipunguza 72.

Turudi kwa wenye koti la sayansi. Wanachokisema kuhusu mwili kujirekebisha kina ushahidi mzito, na ushahidi wenyewe ni wa kutisha. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya waliojitolea, watu waliokataa kubeba silaha vitani, akawalisha kwa wiki 24 kama kalori 1,570 kwa siku huku wakitembea na kufanya kazi. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Kalori walizochoma wakiwa wamelala zilishuka kwa karibu asilimia 40. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na miili yenyewe kuwa midogo, na sehemu nyingine ni chembe zilizobaki kupunguza mwendo. Hapo ndipo msomi wetu hufunga kitabu na kusema, umeona?

Angefungua ukurasa unaofuata angeona mwili ulitoa wapi akiba hiyo. Mapigo ya moyo yalipungua. Waliona baridi kiangazi. Miguu ikavimba maji. Vijana wa miaka ishirini na kitu wakapoteza hamu ya mapenzi, wakakaa wakisoma vitabu vya upishi na kulamba sahani. Wakawa wakali, wazito, wapweke. Mwili haukuwa na fedha za ziada ulizozificha mahali, ulifunga idara. Kwa mtoto idara inayofungwa mapema ni kukua. Kwa mwanamke ni hedhi. Kwa wote ni kinga, ndiyo maana surua na kuhara huua watoto wenye njaa kwa wepesi wa kutisha. Na vijana wale wa Minnesota walianza wakiwa wameshiba, walikuwa na daktari kila siku, na walijua tarehe ya mwisho. Chakula chao cha njaa kilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kalori 588.

Hivyo ndivyo ninavyoisikia sasa kauli ile. Anayesema "wamezoea" ameona idara zimefungwa akadhani ofisi imejifunza kubana matumizi.

Je, hakuna kabisa mazoea ya kweli? Yapo, na yanastahili heshima kuliko yanayopewa. Kuanzia 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, kundi la watafiti akina Neville na Rada Dyson-Hudson, Michael Little, Paul Leslie, Terrence McCabe na Kathleen Galvin waliishi kwa awamu na Wangisonyoka, Waturkana wa kusini, wakipima karibu kila kinachopimika: maziwa yaliyokamuliwa, damu iliyochotwa shingoni mwa ng'ombe, umbali uliotembewa, uzito wa watu mvua zikinyesha na zisiponyesha. Walikuta watu wanaokula kalori chache kuliko vitabu vinavyotaka lakini protini nyingi mno, sehemu kubwa ikiwa maziwa. Tena walikuta uzito unaopanda na kushuka kwa msimu. Mvua ikija, ngamia na ng'ombe wakizaa, maziwa yanafurika na watu wananenepa. Mengine hukaushwa yakawa unga wa edodo wa kuwekea akiba. Kiangazi kikikaza, wanakonda. Mwili wa mchungaji umezoea kukopa kwa miezi kadhaa kwa sababu unajua siku ya kulipwa.

Yaani mazoea yenyewe ni ya kalenda. Ondoa msimu wa maziwa, na kilichobaki ni kukopa bila mwisho.

Ndicho kilichowapata wengi walioishia Katilu. Mradi wa kilimo cha umwagiliaji wa Katilu ulianzishwa kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya watu waliopoteza mifugo, wapande mahindi na mtama kwa maji ya Turkwel. Kisha ikaja njaa ya Lopiar ya miaka ya 1979 hadi 1981, iliyofagia mifugo kama jina lake linavyodokeza kwa wenyewe, na maelfu wakakusanyika kwenye vituo vya chakula vya mpango wa ukarabati wa Turkana, TRP. Wapo waliorudi porini na mbuzi wachache. Wengine walibaki, wakazaa, na wajukuu wao ni watu wa ugali. Mkulima wa shamba dogo la mfereji ana mavuno, lakini hana mafuriko ya maziwa ya Mei yanayorudisha kilo tatu au nne zilizopotea Februari. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, wachungaji nao walipoteza kalenda yao. Mtu wa aina hiyo ukimkuta amekonda usimwambie ni umbile la kabila. Muulize mara ya mwisho kunenepa ilikuwa lini.

Habari nyingine inayoivunja hoja ya umbile imetoka mjini. Mwaka 2020 Amanda Lea, Julien Ayroles na wenzao walitoa utafiti wa Waturkana 1,226, baadhi wachungaji, baadhi wa vijijini walioacha ufugaji, baadhi wa mijini. Wachungaji wanaopata asilimia 70 hadi 80 ya kalori zao kutoka kwa mifugo walikuwa na afya njema ya moyo na sukari. Waliokwenda mijini, damu ileile, walikuwa na unene, shinikizo la damu na sukari zaidi. Mwili wa Mturkana ukipewa mandazi, soda na kiti hufanya kilekile mwili wa Mkikuyu au Mmarekani unachofanya. Mwaka 2025 kundi hilo, likiwa na wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, likaeleza kuhusu aina ya jeni iitwayo STC1, inayosaidia figo kutunza maji na kuhimili taka za nyama nyingi, iliyoenea kwa Waturkana kwa maelfu ya miaka ya ukame. Ni ugunduzi mzuri. Lakini unahusu maji na nyama. Jeni ya kuishi bila kula bado haijapatikana katika kabila lolote.

Hata kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao hutembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi, Herman Pontzer na wenzake waliripoti mwaka 2012 kwamba jumla ya kalori wanazochoma kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, hazitofautiani na za watu wa ofisini Marekani. Wengi waliusoma utafiti huo kama habari ya kupunguza unene. Mimi nauona kama habari ya chakula: binadamu wa maisha magumu hana mashine tofauti ndani yake, na tofauti kubwa tulizozidhania kati ya watu ni ndogo.

Watoto ndio wasioingia kabisa katika maneno ya kuzoea. Mwaka 2021 Pontzer na timu kubwa walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Mtoto wa mwaka mmoja, kwa ukubwa wake, huchoma kama asilimia 50 zaidi ya mtu mzima. Kati ya miaka 20 na 60 matumizi hayabadiliki sana, kisha hushuka taratibu. Na Christopher Kuzawa na wenzake walikuwa wamekadiria mwaka 2014 kwamba karibu na umri wa miaka mitano, ubongo peke yake huchukua kama theluthi mbili ya nishati ya mtoto aliyetulia. Mhudumu wa afya ya jamii anapozungusha tepe kwenye mkono wa mtoto na kuona rangi nyekundu, chini ya sentimita 11.5, humpa siagi ile ya njugu ya pakiti, kila pakiti kalori 500, na inaokoa maisha kweli. Ila tepe husoma nyama ya mkono. Ubongo uliofupishiwa chakula mwaka mzima hauna tepe.

Hesabu ya kulala ina faida nyingine ambayo sijaona ikitumiwa. Mgao wa kichwa kwa kichwa, kalori 588 kwa kila mtu, hauumizi kila nyumba sawa. Mama mwenye watoto wanne wadogo huweka migao mitano katika chungu kimoja, na kwa makadirio yangu anafikia kama theluthi mbili ya mahitaji ya kulala ya nyumba yake, kwa kuwa miili midogo inahitaji pungufu kwa jumla. Bado ni njaa, na watoto wanahitaji zaidi ili wakue. Lakini mwanamume aliye peke yake anapata asilimia 45. Huyu ndiye ambaye kila mpango wa makundi humweka mwisho wa foleni kwa dhana kwamba ana mikono miwili na anaweza kujitafutia. Vivyo hivyo mzee anayeishi peke yake, ambaye hata akiwekwa kundi la kwanza hana chungu cha kuchanganyia. Sisemi mama apokonywe. Nasema mtu anayepanga makundi bila kujua sakafu ya kila mwili anapanga gizani, na kijana mwenye mikono miwili atakapokuwa hana nguvu ya kuitumia, atarudi kwenye foleni akiwa mgonjwa wa hospitali badala ya mlaji wa unga.

Watu wa mashirika huniambia kwamba hesabu haileti magunia. Mfadhili amefunga mfuko; tufanye nini, tumwandikie shairi? Mwandikieni tarakimu sahihi. Mfadhili aliyeambiwa "asilimia 28" ameambiwa kwamba kuna upungufu, jambo alilolisikia kila mwaka tangu 1992. Aliyeambiwa kwamba fedha zake zinanunua nusu ya kalori za mwanamke aliyelala kitandani ameambiwa kitu kingine kabisa, na wapiga kura wake pia wataelewa. WFP, NDMA na kaunti ya Turkana zinaweza kuanza kufanya hivyo kesho bila shilingi moja ya ziada: kila tangazo la kukata au kuongeza lionyeshe kalori, na kando yake mahitaji ya kulala ya mtu mzima, ya mtoto na ya mama anayenyonyesha. Chini ya mstari huo neno "mgao" lisitumike. Litafutwe jina lingine la kumpa mtu kitu huku mwili wake ukimalizia kingine kutoka kwa nyama yake mwenyewe.

Na tuache kukopa miili ya wageni. Chuo Kikuu kishiriki cha Turkana kipo Lodwar, hospitali ya rufaa ya kaunti ipo Lodwar, na KEMRI tayari imekaa na Waturkana miaka kadhaa ikisoma damu yao. Kofia ya kupimia oksijeni si mtambo wa nyuklia. Wapimwe wachungaji, wakulima wa mfereji, wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei na wauza duka wa mjini, asubuhi kabla ya chai, wamelala. Kipimo cha siku moja hakitafaa, kwa sababu watu hawa huishi kwa misimu: mtu yuleyule wa Katilu alazwe Februari, mchanga wa laga ukiwa mkavu, na alazwe tena Juni baada ya mvua kama itakuwa imenyesha, na majibu yote mawili yaandikwe kwenye daftari moja.